Mposho ya Mafuta: Historia ya Magari Makubwa Jijini Lubumbashi

Mgeni anayeingia Lubumbashi kwa barabara itokayo Kasumbalesa hukutana na jambo linalohitaji kuelezwa. Mkoa wa Haut-Katanga hauna kisima cha mafuta wala kiwanda cha kuyasafisha. Petroli na dizeli zinazochomwa humo huletwa kutoka pwani za mbali, sehemu kubwa kutoka bandari ya Dar es Salaam, umbali wa karibu kilomita 2,000, zikapitishwa Zambia na kuvushwa mpaka kwa malori. Mahali ambapo mafuta husafiri safari ndefu namna hiyo, mtu angetarajia kukuta magari madogo yanayokunywa kidogo. Lakini katikati ya jiji, mbele ya mabenki, mahoteli na ofisi za makampuni ya madini, yanayotawala ni magari marefu yenye injini kubwa na magurudumu manne yanayovuta kwa pamoja: Land Cruiser, Prado, Patrol, Pajero, na katika miaka ya karibuni magari ya Kikorea na ya Kichina yenye umbo hilo hilo.

Maelezo mawili hutolewa kwa wepesi. La kwanza ni la barabara: kwamba njia za Katanga ni mbovu, na gari dogo haliwezi kustahimili mashimo na matope. La pili ni la ufahari: kwamba mkubwa hutaka kuonekana mkubwa. Yote mawili yana ukweli ndani yake, ila hayatoshi. Kuhusu barabara, yatosha kutazama ni wapi hasa magari hayo yanakoonekana. Sehemu zenye lami nzuri, yaani katikati ya jiji na mtaa wa Golf, ndizo zenye magari makubwa mengi kuliko zote. Ilhali katika komuni za Katuba, Ruashi na Kenya (hapa ni komuni ya jiji, si nchi), ambako vumbi la kiangazi na madimbwi ya masika ni mambo ya kila mwaka, watu husafiri kwa mabasi madogo, teksi ndogo za Toyota, pikipiki, baiskeli na miguu. Ikiwa shimo ndilo linaloleta gari kubwa, basi Katuba ingekuwa nayo tele. Kuhusu ufahari, huo ni tamaa ya wengi, na wanaoweza kuutimiza ni wachache. Swali la historia ni nani aliyewawezesha hao wachache, na kwa fedha za nani.

Makala haya yanadai kwamba katika sehemu kubwa ya historia ya Lubumbashi, aliyekaa ndani ya gari kubwa hakuwa ndiye aliyelipia mafuta yake. Mafuta yalikuwa mgao, yakitolewa na kampuni au na dola kama ulivyotolewa unga. Katika Kiswahili cha Katanga mgao huo wa unga una jina lake, nalo ni mposho.

Kabla ya kuingia katika historia yenyewe, yafaa kuyatazama majina. Kiswahili cha Kongo kimehifadhi neno la zamani motokari, na umbo lake fupi motoka, ambayo katika Afrika Mashariki yamesukumwa kando na neno gari. Petroli huitwa esansi na dizeli huitwa mazutu, yote mawili kutoka Kifaransa. Gari lolote refu la magurudumu manne, hata liwe limetengenezwa na nani, huitwa jeep. Neno hilo mwandishi wa Kiswahili sanifu husita kuliandika kwa tahajia ya Kiswahili, kwa kuwa jipu tayari ni uvimbe wenye usaha, ingawa wapo watakaosema kwamba maana hizo mbili hazijaachana sana. Pwani na bara la Afrika Mashariki kuna historia nyingine ya majina. Katika miaka ya 1960 tabaka jipya la watawala liliitwa wabenzi, kwa kupachika kiambishi cha ngeli ya watu kwenye jina la gari la Kijerumani, kana kwamba hao ni kabila. Tangu miaka ya 1990 Watanzania wamelipa gari kubwa la kiongozi jina la shangingi, neno ambalo awali lilimtaja mwanamke wa mjini aliyekubuhu katika ujanja. Mabadiliko hayo ya majina yanaonyesha mabadiliko ya kitu chenyewe: alama ya ukubwa ilihama kutoka gari la chini, lililohitaji lami, hadi gari la juu lisiloihitaji. Jambo la kuangaliwa ni kwamba majina yote mawili yanamtaja anayepanda. Hakuna jina maarufu lililobuniwa kwa anayelipa.

Élisabethville, kama Lubumbashi ilivyoitwa hadi mwaka 1966, ulianzishwa mwaka 1910, mwaka ule ule ambao reli kutoka kusini ilifika. Union Minière du Haut-Katanga ilikuwa imeundwa mwaka 1906, na mwaka 1911 tanuru lake likaanza kuyeyusha shaba. Mji huu basi ulizaliwa ukielekea kusini. Treni zilizochukua shaba hazikurudi tupu. Zilileta mashine, makaa ya mawe, unga wa mahindi, na baadaye magari.

Hapa pana kipengele cha sheria ambacho hutajwa mara chache katika historia ya magari, nacho ni muhimu. Mkataba wa Berlin wa mwaka 1885, na baada yake Mkataba wa Saint-Germain-en-Laye wa mwaka 1919, uliweka bonde la Kongo chini ya utaratibu wa biashara huru: dola iliyotawala haikuruhusiwa kuzipendelea bidhaa zake kwa ushuru. Ubelgiji haikuweza kuifanya Kongo soko lake la faragha kwa jinsi Ufaransa ilivyofanya katika makoloni yake mengine. Kwa hiyo gari la Kimarekani liliingia Katanga kwa masharti yale yale ya gari la Ulaya. General Motors na Ford zilikuwa na viwanda vya kuunganisha magari Antwerp, bandari kuu ya biashara ya Kongo, na tangu miaka ya 1920 vilevile Port Elizabeth, Afrika ya Kusini, upande ilikotoka reli ya Katanga. Ubelgiji ilipovamiwa Mei 1940, koloni lilikatika na nchi mama, na biashara yake ikageukia Marekani na Afrika ya Kusini. Picha za Élisabethville za miaka ya 1950, wakati bei ya shaba ilipokuwa imepandishwa na vita vya Korea, zinaonyesha matokeo: magari mapana ya Kimarekani yameegeshwa kando ya barabara pana, pamoja na Volkswagen na Peugeot za wasio na cheo kikubwa. Katika Ubelgiji yenyewe gari kama hilo lilikuwa mzigo, kwa sababu kodi ya kila mwaka ilipanda kadiri ya ukubwa wa injini na petroli ilitozwa sana. Mbelgiji yule yule aliyeendesha gari dogo Liège angeweza kuendesha gari kubwa Katanga. Tabia yake haikubadilika alipovuka bahari. Hesabu ndiyo iliyobadilika.

Mahali pa gari katika maisha ya mji huo panaonekana hata uwanjani. Klabu ya mpira iliyoanzishwa na wamisionari Wabenedikti mwaka 1939, na ambayo leo ni TP Mazembe, kwa miaka mingi ilibeba jina la Englebert, yaani jina la kiwanda cha matairi cha Liège kilichoifadhili. Ni kwa jina hilo la tairi kwamba klabu hiyo ilitwaa kombe la mabingwa wa Afrika mwaka 1967 na tena 1968.

Lakini jambo la msingi zaidi katika kipindi hiki halikuwa gari lenyewe. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1920, Union Minière iliacha mtindo wa kuwaajiri watu kwa muda mfupi na kuanza kuwaweka wafanyakazi mahali pamoja na wake na watoto wao. Kambi zilijengwa, pamoja na zahanati na shule, na mgao wa chakula ukatolewa. Mshahara wa fedha ulikuwa sehemu tu ya malipo. Sehemu nyingine ilikuja kama kitu: nyumba, unga, mafuta ya kula, dawa. Mwanahistoria Donatien Dibwe dia Mwembu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi ameonyesha jinsi kampuni ilivyokuja kuonekana na wafanyakazi kuwa baba na mama, na kitabu chake cha mwaka 2001 kinawaita wafanyakazi hao wana wa Shaba walioachwa na baba yao. Aghalabu mfumo huu huchunguzwa kwa upande wa mfanyakazi wa chini. Ni nadra kuangaliwa kwa upande wa juu, ambako kanuni ilikuwa ile ile na vitu vilikuwa vikubwa zaidi. Mkubwa wa kampuni naye aliishi katika nyumba isiyo yake na kupanda gari lisilo lake, lililotiwa mafuta ya kampuni na kutengenezwa katika gereji ya kampuni. Yaani alikuwa na mposho yake. Tofauti ilikuwa kwamba unga hupimwa kwa kilo na huisha tumboni, wakati mafuta ya gari la cheo yalipimwa kwa heshima ya cheo. Mtu anayekula mgao hana sababu ya kupendelea sahani ndogo.

Uhuru wa mwaka 1960 na kujitenga kwa Katanga chini ya Moïse Tshombe, kuanzia Julai 1960 hadi Januari 1963, havikuivunja kanuni hiyo. Wala haikuvunjwa pale serikali ya Mobutu ilipoitaifisha Union Minière tarehe 1 Januari 1967 na kuunda kampuni ya taifa, ambayo baadaye ilijulikana kwa jina la Gécamines. Kilichobadilika ni watu waliokaa ndani. Nyumba za Wabelgiji zikapata makadre Wakongo, na magari yakazifuata nyumba. Hatua ya Novemba 1973, ambayo mashamba na maduka ya wageni yaligawiwa raia wa Zaire, iliongeza tabaka la pili la watu waliopata mali kwa mgao kuliko kwa ununuzi. Inafaa kusisitiza kwamba kwa Mkongo wa kizazi hicho gari la kazi halikuwa anasa peke yake. Lilikuwa uthibitisho kwamba mlango uliokuwa umefungwa kwa rangi sasa ulikuwa umefunguka, na kuukataa usingekuwa uadilifu machoni pa jamaa zake bali kitendo cha ajabu.

Msingi wa yote ulikuwa shaba, na shaba iliyumba. Kati ya mwaka 1974 na 1975 bei yake duniani ilianguka kwa zaidi ya nusu. Mwaka 1975 vita vya Angola viliifunga reli ya Benguela, njia fupi kuliko zote ya kutoka Katanga hadi bahari. Gécamines iliendelea kuzalisha kwa wingi, ikafika karibu tani 476,000 mwaka 1986, kisha ikaporomoka. Mgodi wa Kamoto ulibomoka Septemba 1990, uporaji wa mwaka 1991 ulilikumba na jiji la Lubumbashi, na kufikia mwaka 1994 uzalishaji ulikuwa tani kama 30,000 tu. Mposho ya unga ilipungua, ikachelewa, ikakoma. Mishahara ilifuata. Katika miaka ya 2003 na 2004, kwa fedha za Benki ya Dunia, wafanyakazi 10,655 wa Gécamines waliondolewa kwa mpango ulioitwa wa kuondoka kwa hiari, jina ambalo waliohusika hawajaacha kulibishia. Baadhi yao walijaribu kugeuza kiinua mgongo chao kuwa basi dogo la abiria, yaani walijaribu kuwa na gari ambalo kwa mara ya kwanza katika maisha yao ya kazi wangelilipia mafuta wenyewe. Hayo hayakuwa magari makubwa.

Kama hoja ya mgao ni sahihi, magari makubwa yangepaswa kutoweka Lubumbashi pamoja na Gécamines. Hayakutoweka, na hapa historia inapaswa kuhamia mahali ambapo msomaji hakupatarajia, yaani Japani.

Japani kwa miaka mingi ililitoza gari lenye injini ya zaidi ya lita 2 kodi nzito kuliko magari mengine. Mwaka 1989 mfumo huo ulirekebishwa na pengo likapungua sana. Katika muongo uliofuata Wajapani walinunua kwa wingi magari marefu ya aina ya Land Cruiser na Pajero. Lakini sheria nyingine ya nchi hiyo hulitaka gari la binafsi lipite ukaguzi wa lazima baada ya miaka 3 ya kwanza na kisha kila baada ya miaka 2, na gharama yake humfanya mwenye gari aone afadhali kuliuza. Hivyo gari zima, lililotunzwa vizuri, huwa halina thamani nyumbani likiwa bado na nusu ya uhai wake. Yaliishia Dubai, Dar es Salaam na Durban. Afrika ya Kusini hairuhusu kwa jumla magari yaliyotumika kuingizwa kwa matumizi ya raia wake, lakini inaruhusu yapite kwenda nchi nyingine, na Durban ikawa soko la wateja wa Zambia na Kongo.

Ushahidi wa njia hii uko wazi mbele ya macho ya kila mpita njia. Kongo ni nchi ambayo magari huenda upande wa kulia wa barabara. Kinshasa, inayopokea magari ya Ulaya kupitia Matadi, ina magari yenye usukani kushoto, kama inavyofaa. Lubumbashi, inayotazama Bahari ya Hindi, imejaa magari yenye usukani kulia, na dereva anayetaka kulipita lori hana budi kumwuliza abiria wake kama njia ni nyeupe. Serikali ilipojaribu katika muongo wa 2010 kuyazuia magari ya namna hiyo, ilikuwa kana kwamba inajaribu kuigeuza jiografia ya mkoa mzima.

Katika soko hilo la mitumba bei ya gari kubwa ilikuwa imekwisha kuliwa na mwenyewe wa kwanza. Mjapani alilipa thamani kubwa ya upya wake. Mnunuzi wa Lubumbashi alilipa kilichobaki. Tena gari lilikuwa na fadhila ambayo fedha za nchi haikuwa nayo. Zaire na baadaye Kongo zilipitia mfumuko wa bei uliogeuza noti kuwa karatasi, na mabenki hayakuaminika. Land Cruiser iliyoegeshwa ndani ya ua ilihifadhi thamani, ingeweza kuuzwa kwa dola siku yoyote, na katika misukosuko ya mwaka 1991 au 1997 ingeweza kuondoka na familia nzima. Kwa mtazamo huo mafuta mengi inayokunywa ni kama ada ya kutunza akiba, na mwenye akili huiendesha kidogo. Wengi ndivyo walivyofanya.

Lipo pia jambo la ufundi, ambalo wasomi wa masuala ya jamii hulidharau bure. Toyota ilitoa Land Cruiser ya mfululizo wa 70 mwaka 1984, na tangu 1990 ikaipa injini ya dizeli ya mitungi 6 na ujazo wa lita 4.2. Injini hii hunywa zaidi ya lita 12 kwa kila kilomita 100, na kwa kipimo cha Ulaya ya leo ni ya kizamani. Lakini haina vifaa vya elektroniki vya kusukuma mafuta, huvumilia dizeli yenye salfa nyingi na maji kidogo, na fundi aliyejifunza chini ya mwembe anaweza kuifungua na kuifunga. Injini mpya inayookoa mafuta huhitaji dizeli safi na kompyuta ya kuipima. Mahali ambapo vitu hivyo viwili ni adimu, injini inayokunywa sana huwa ndiyo ya gharama nafuu, maana gari lililokufa njiani kati ya Likasi na Kolwezi halihesabiwi kwa lita.

Mgao wenyewe ulirudi kwa mlango mwingine. Kanuni ya Madini ya tarehe 11 Julai 2002 iliwavuta wawekezaji kwa kuwapunguzia ushuru: vifaa vilivyomo katika orodha iliyoidhinishwa vilitozwa asilimia 2 kabla ya uzalishaji kuanza na asilimia 5 baadaye, na mafuta ya shughuli za mgodi yalitozwa asilimia 3. Makampuni yakamiminika, Kongo ikawa mzalishaji wa zaidi ya asilimia 70 ya kobalti ya dunia, na mwaka 2023 uzalishaji wake wa shaba ulifikia kiasi cha tani milioni 2.8, zaidi ya mara tano ya kilele cha Gécamines. Kila mgodi ulihitaji magari ya kuwachukua wahandisi, walinzi na wageni, na kanuni za usalama za migodi zilitaka gari imara, lenye nguzo za kuzuia paa lisipondeke, taa ya kuzunguka juu, na bendera ndogo kwenye ufito mrefu ili dereva wa lori kubwa alione. Mtu huziona bendera hizo zikipepea hata mbele ya maduka ya mikate mjini, kilomita nyingi kutoka shimo lililo karibu.

Sheria ya mwaka 2017 iliyotenga kazi za ukandarasi mdogo kwa makampuni ya Wakongo iliongeza jambo hili. Kwa mfanyabiashara wa Lubumbashi asiye na kiwanda, njia iliyo karibu ya kushiriki katika utajiri wa migodi ni kununua Land Cruiser na kuikodisha kwa mgodi. Gari kubwa sasa ni chombo cha uzalishaji: huingiza fedha kila mwezi, na mafuta hulipwa na mkodishaji. Mfanyabiashara huyo huyo akinunua gari dogo hatapata mkataba. Hivyo hata anayetaka kubana matumizi hulazimika kuagiza lenye injini kubwa, na mkataba unapokwisha gari hilo huingia mitaani.

Haitakuwa haki kuionyesha Lubumbashi kama mahali pa ajabu. Marekani, ambayo magari yake yalijaa Élisabethville, ilipata upendo wake wa malori madogo na magari marefu kwa njia inayofanana. Mwaka 1964, katika ugomvi na nchi za Ulaya juu ya ushuru wa nyama ya kuku, iliweka ushuru wa asilimia 25 kwa malori madogo kutoka nje, nao haujaondolewa. Mwaka 1975, baada ya vikwazo vya mafuta vya nchi za Kiarabu, ilipitisha sheria ya kubana matumizi ya mafuta, lakini aina ya malori madogo ikapewa viwango vyepesi. Viwanda vikatambua kwamba gari la familia likijengwa ili lihesabiwe kuwa lori huepuka masharti na huleta faida. Mmarekani anayesema kwamba anapenda gari kubwa kwa hiari yake husema kweli, ila hiari hiyo ilitayarishiwa njia.

Ushahidi ulio karibu zaidi ni wa Kenya. Katika bajeti ya mwaka 2009 Waziri wa Fedha, Uhuru Kenyatta, aliamuru kwamba viongozi wa serikali wasitumie magari yenye injini ya zaidi ya sentimita za ujazo 1,800, na Volkswagen Passat zikanunuliwa kwa ajili yao. Barabara za Kenya hazikutengenezwa usiku ule, wala viongozi hawakupungukiwa na ufahari. Aliyelipa ndiye aliyesema kikomo, na mara moja ukubwa ukapungua. Kwamba baadaye wengi walirejea magari makubwa haiipunguzi nguvu hoja hiyo; yaonyesha tu kwamba mlipaji alichoka kusimamia mfuko wake.

Kongo imetoa jaribio la kinyume chake. Mwaka 2022 wabunge wa Bunge la Taifa, ambalo lina viti 500, waligawiwa magari ya Hyundai Palisade. Palisade ilionyeshwa kwa mara ya kwanza Los Angeles mwaka 2018, nayo iliundwa hasa kwa ajili ya familia za Marekani. Ni pana na nzito, na haikuundwa kwa njia za mgodini wala kwa mito isiyo na madaraja. Mbunge wa Katanga aliyehitaji kuwafikia wapiga kura wa Mitwaba au Pweto angehudumiwa vyema zaidi na Land Cruiser kuukuu ya mfululizo wa 70. Gari lililochaguliwa lilikuwa la lami, likatolewa kwa mtindo ule ule ambao Union Minière ilitoa nyumba: kwa cheo, bila bei, na bila swali juu ya lita.

Limebaki suala la nani hulipa hatimaye. Kwa miaka mingi serikali ya Kongo imepanga bei ya mafuta kwenye pampu kwa kanda, Lubumbashi ikiwa katika kanda ya kusini, na imewafidia waagizaji tofauti kati ya bei hiyo na gharama halisi. Fidia ya namna hiyo humfuata mtumiaji kwa kadiri ya anavyotumia. Tangi la lita 90 hupata fidia ya lita 90. Pikipiki hupata ya lita chache. Anayetembea kwa miguu hapati kitu, ingawa hazina inayolipa ni yake pia. Nishati ya jikoni ya nyumba nyingi za jiji ni makala. Hutoka katika misitu ya miombo, ambayo mwaka hadi mwaka iko mbali zaidi, na sehemu yake nzuri huletwa kwa baiskeli: magunia yaliyofungwa moja juu ya jingine, mtu mmoja akisukuma kwa saa nyingi kwenye ukingo wa barabara ambao jeep na malori ya shaba humwachia. Mkaa huo haujawahi kuwa na fidia ya serikali, na kodi za njiani hutozwa kwa gunia.